Mada ya Marudio: Keki Nyekundu na Kemia Iliyo Ndani Yake

Sehemu hii inakuandaa kwa maswali ya somo la Chakula na Lishe ya Binadamu kuhusu vyakula vya kuoka, na pia kwa maswali ya Kemia kuhusu asidi, besi, gesi na moli. Mtihani wa Kemia utaufanya kwa Kiingereza, lakini alama za elementi, milinganyo na hesabu hazibadiliki kwa lugha. Ukielewa jambo kwa Kiswahili, kulieleza kwa lugha nyingine ni kazi ndogo.

Baada ya kusoma na kufanya zoezi hili utaweza:

1. Kueleza kazi ya kila kiambato katika keki nyekundu.
2. Kuandika milinganyo ya gesi inayoumua keki na kukokotoa ujazo wake.
3. Kueleza kwa nini pishi lililoandikwa pwani huharibika kwenye nyanda za juu kama Karagwe na Kyerwa, na namna ya kulirekebisha.
4. Kutofautisha rangi salama na rangi isiyofaa kuliwa.
5. Kuoka keki hiyo kwa oveni au kwa sufuria na mkaa.

1. KEKI NYEKUNDU NI NINI?

Keki hii inajulikana duniani kwa jina la red velvet. Neno la pili katika jina hilo ni mahameli, kitambaa laini chenye manyoya mafupi. Kwa hiyo jina linataja mambo mawili: wekundu na ulaini. Watu wengi wanaoiagiza kwa ajili ya mahafali, sendofu au siku ya kuzaliwa huangalia wekundu tu. Wewe kama mwanafunzi angalia ulaini kwanza, kwa sababu ndiko kwenye elimu na ndiko kwenye alama.

Keki za aina ya mahameli zilianza kupata umaarufu nchini Marekani katika karne ya 19. Waokaji waliongeza kakao kidogo kwenye unga ili keki iwe laini. Kakao ya asili, yaani isiyotiwa alkali kiwandani, ina asidi kidogo, na ikikutana na siki au maziwa yaliyochachuka huelekea rangi ya kahawia yenye wekundu wa mbali. Wekundu mkali tunaouona leo ulikuja baadaye, wakati wauzaji wa rangi za chakula walipoanza kutangaza mapishi pamoja na chupa za rangi. Kampuni ya Adams Extract ya Texas ni miongoni mwa waliofanya hivyo.

Jambo la kushika hapa ni hili: rangi ya chupa haiumui keki, hailainishi keki wala haibadilishi ladha ikitumika kwa kiasi. Kinachoifanya keki hii iwe yenyewe ni mmenyuko kati ya besi na asidi. Mwanafunzi akiondoa siki na mtindi akabakiza rangi, ameoka keki ya kawaida iliyopakwa wekundu.

2. VIAMBATO NA KAZI ZAKE

Kipimo hiki kinatosha keki mbili za duara zenye kipenyo cha sentimita 20, za kupanga moja juu ya nyingine. Kimekwisha kurekebishwa kwa ajili ya nyanda za juu. Sababu utazisoma katika kipengele cha 4.

• Unga wa ngano, gramu 250. Wanga na protini zake hujenga mwili wa keki.
• Sukari, gramu 220. Huleta utamu, hushika maji na kuchelewesha gluteni kukaza.
• Kakao ya asili, gramu 10 (vijiko vikubwa 2). Huleta harufu, asidi kidogo na ulaini.
• Soda ya kuokea, robo tatu ya kijiko cha chai. Ni besi, hutoa gesi.
• Chumvi, nusu kijiko cha chai. Hukuza ladha.
• Mayai 2. Protini zake huganda kwa joto na kushikilia viputo vya gesi.
• Mafuta ya alizeti, mililita 180. Hufunika chembe za unga ili gluteni isikaze.
• Mtindi, mililita 270. Huleta maji, mafuta na asidi ya laktiki.
• Siki nyeupe, kijiko kikubwa 1 (mililita 15). Huleta asidi ya ethanoiki.
• Vanila, kijiko cha chai 1.
• Rangi nyekundu ya chakula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kwa upande wa mtindi, mwanafunzi wa Isingiro, Kaisho, Nkwenda au Kayanga hana sababu ya kulalamika. Hii ni nchi ya ng'ombe. Maziwa yaliyoganda vizuri nyumbani, yasiyotiwa sukari, yanafaa. Yakoroge mpaka yasiwe na mabonge kabla ya kupima.

Kumbuka: soda ya kuokea siyo magadi.

Dukani soda ya kuokea wengi huiita bekingi soda. Jina lake la kikemia ni sodiamu haidrojenikaboneti, NaHCO₃. Magadi yanayowekwa kwenye maharage yana sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, ambayo ni besi kali zaidi. Ukiyatia kwenye keki utapata ladha ya sabuni na rangi chafu. Hatari kubwa zaidi ni soda ya kutengenezea sabuni, sodiamu haidroksaidi, NaOH. Hiyo huunguza ngozi, koo na macho, na haitakiwi kukaribia chakula. Vitu hivi vitatu ni vyeupe, na watu huvitaja vyote kwa neno "soda" au "magadi". Usinunue unga mweupe uliofungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi. Nunua pakiti yenye jina, soma jina hilo, ndipo ulipe.

3. GESI INATOKA WAPI?

Keki haina hamira inayopewa saa nzima kuumuka kama mkate. Huumuka kwa gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka kwenye soda, pamoja na mvuke wa maji na hewa uliyoipiga ndani ya rojo. Soda inaweza kutoa gesi kwa njia mbili, na hapa ndipo maswali mengi hutoka.

Njia ya kwanza: joto peke yake

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Moli 2 za soda hutoa moli 1 ya gesi. Kinachobaki ni sodiamu kaboneti, ile ile inayopatikana kwenye magadi. Ndiyo maana keki iliyotiwa soda bila asidi huwa na ladha ya sabuni.

Njia ya pili: asidi

NaHCO₃ + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O + CO₂

Hapa moli 1 ya soda hutoa moli 1 ya gesi. Kinachobaki ni chumvi ya sodiamu ethanoeti, ambayo haina ladha ya sabuni. Asidi ya laktiki ya mtindi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Linganisha kwa hesabu. Chukua soda gramu 4.2. Uzito wa moli moja ya NaHCO₃ ni gramu 84 (23 + 1 + 12 + 48).

Idadi ya moli = 4.2 ÷ 84 = 0.05

Kwa njia ya asidi, gesi ni moli 0.05. Ikiwa moli moja ya gesi huchukua dm³ 24 katika joto la kawaida la chumba, ujazo ni 0.05 × 24 = dm³ 1.2.

Kwa njia ya joto peke yake, gesi ni moli 0.025, na ujazo ni 0.025 × 24 = dm³ 0.6.

Kwa hiyo asidi hukupa gesi mara mbili kutoka kwenye soda ile ile, na hukuondolea ladha mbaya. Sentensi hiyo moja, ukiiandika pamoja na milinganyo miwili, inajibu swali la "Eleza kwa nini siki hutumika katika keki nyekundu."

Je, asidi yetu inatosha?

Hili ni swali zuri la hatua ya juu. Siki nyingi za dukani zina asidi ya ethanoiki asilimia 5. Mililita 15 zina gramu 0.75 hivi, na kwa kuwa moli moja ya asidi hiyo ni gramu 60, tuna moli 0.0125. Mtindi wa mililita 270 wenye asidi ya laktiki asilimia 0.9 una gramu 2.4 hivi, moli moja ni gramu 90, kwa hiyo tuna moli 0.027. Jumla ni moli 0.0395, zinazoweza kumaliza soda gramu 3.3 hivi (0.0395 × 84).

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba soda takribani gramu 5. Robo tatu yake ni gramu 3.75. Soda kidogo inayobaki humenyuka na asidi ya kakao. Hesabu inakaribia kusawazika. Ukiongeza soda "ili keki ipande zaidi", asidi itaisha, soda itabaki, na keki itanuka sabuni na kupoteza wekundu wake.

Soda na siki vikutane wapi?

Mapishi mengi yanasema uchanganye soda na siki kwenye kijiko, uone povu, kisha umimine kwenye rojo. Povu hilo linapendeza macho, lakini ni gesi inayopotea hewani badala ya kuingia kwenye keki. Njia iliyo bora ni hii: soda ichanganywe na unga mkavu, siki ichanganywe na mtindi. Vikutane ndani ya rojo, mwishoni, na keki iingie motoni mara moja.

4. KWA NINI PISHI LA PWANI HUHARIBIKA KARAGWE?

Pishi likiwa limeandikwa Dar es Salaam au Mombasa, limeandikwa karibu na usawa wa bahari. Sehemu nyingi za Karagwe na Kyerwa ziko kwenye vilima na nyanda za takribani mita 1,500 au zaidi. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini keki inaiona.

Kwanza, mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kwenye usawa wa bahari ni takribani kilopaskali 101. Kwenye mita 1,500 ni takribani 85. Tumia kanuni ya Boyle kwa ile gesi ya dm³ 1.2, joto likiwa halibadiliki:

P₁V₁ = P₂V₂
V₂ = (101 × 1.2) ÷ 85 = dm³ 1.43 hivi

Gesi ile ile imetanuka kwa karibu asilimia 19. Viputo huwa vikubwa kuliko kuta zake zinavyoweza kuhimili. Keki hupanda haraka kabla mayai na wanga havijakaza, kisha hubonyea katikati.

Pili, maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 unazopanda, joto la kuchemka hupungua kwa takribani nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95. Maji hukauka upesi, sukari hubaki imekolea mno, na sukari iliyokolea huzuia keki kushikana.

Marekebisho manne ya kukariri pamoja na sababu zake:

a) Punguza soda kwa robo hivi, kwa sababu gesi hutanuka zaidi.
b) Punguza sukari kijiko kikubwa kimoja au viwili, ili keki ishikane.
c) Ongeza kimiminika vijiko vikubwa viwili hivi, kufidia maji yanayokauka.
d) Ongeza joto la oveni kidogo, nyuzi 5 hadi 10, ili keki ikaze kabla viputo havijapasuka.

Mwanafunzi anayeandika "punguza soda" bila sababu hupata nusu ya alama. Anayetaja mgandamizo mdogo wa hewa na kutanuka kwa gesi hupata alama zote.

5. RANGI: IPI INALIKA NA IPI HAILIKI?

Rangi ya chupa. Tumia rangi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya chakula, yenye jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha muda na nembo ya ubora. Hapa Tanzania kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Rangi za kutia mikeka, ukili, vitambaa au mbao hazitengenezwi kwa ajili ya tumbo la binadamu. Kwamba zinayeyuka kwenye maji na zina wekundu mzuri hakuzifanyi kuwa chakula. Mtu akikuambia "kidogo tu haidhuru", mwambie keki isiyo nyekundu italiwa vilevile.

Bitiruti. Rangi yake inaitwa betanini. Huhimili asidi kiasi, lakini joto kali huivunja, na kwenye mazingira ya besi hugeuka kuelekea umanjano na kahawia. Kwa hiyo rojo la waridi linalopendeza kwenye bakuli linaweza kutoka motoni likiwa kahawia. Ukitaka kuitumia, tumia bitiruti iliyosagwa badala ya sehemu ya mtindi, hakikisha soda haizidi, na utarajie rangi ya kahawia yenye wekundu, siyo ule wekundu wa dukani.

Rozela. Maua haya ya juisi yana rangi za kundi la anthosayanini. Kwenye asidi ni nyekundu. Kwenye besi hugeuka buluu au kijani. Ni kiashiria kizuri cha asidi na besi kwa shule isiyo na litimasi. Chemsha maua kidogo, poza, gawa kwenye vikombe viwili. Kimoja tia siki, kingine tia soda. Baada ya kuona vikombe hivyo viwili hutasahau kwa nini soda ikizidi huharibu rangi ya asili.

6. HATUA ZA KUOKA

Hatua ya 1. Washa oveni mapema, nyuzi 180 za Selsiasi. Paka mafuta vyombo viwili vya kuokea na kunyunyizia unga kidogo, au weka karatasi ya kuokea chini.

Hatua ya 2. Chekecha pamoja unga, kakao, soda na chumvi. Kuchekecha huondoa mabonge ya kakao na kusambaza soda sawasawa. Bonge la soda likibaki, mtu mmoja mezani atalitafuna.

Hatua ya 3. Changanya siki na mtindi kwenye bakuli la pili.

Hatua ya 4. Kwenye bakuli kubwa piga mafuta na sukari kwa mchapo. Tia mayai moja baada ya jingine, ukipiga kila mara. Tia vanila na rangi. Rangi iingie sasa, kabla ya unga, ili usilazimike kukoroga sana baadaye.

Hatua ya 5. Tia theluthi moja ya unga, koroga taratibu, kisha nusu ya mtindi, unga tena, mtindi uliobaki, malizia na unga. Tumia mwiko na geuza kutoka chini kwenda juu. Simama mara tu unga mkavu unapopotea.

Kwa nini usikoroge sana? Unga wa ngano una protini mbili, glutenini na gliadini. Zikilowa na kukorogwa huungana kuwa gluteni, utando unaovutika. Kwenye mkate tunautaka. Ndiyo maana tunakanda. Kwenye keki ya mahameli utando ukikaza, keki huwa ngumu na yenye mashimo marefu kama mahandaki.

Hatua ya 6. Gawa rojo kwenye vyombo viwili, lisizidi nusu ya kimo. Gonga kila chombo mezani mara moja kutoa viputo vikubwa. Ingiza motoni bila kuchelewa.

Hatua ya 7. Oka kwa dakika 28 hadi 32. Usifungue oveni katika dakika 20 za mwanzo; hewa baridi hushusha keki ambayo bado haijakaza. Choma kijiti katikati: kikitoka safi au na chembe chache kavu, keki imeiva.

Hatua ya 8. Acha ndani ya chombo dakika 10, kisha igeuze juu ya waya au ungo safi ipoe kabisa.

Kama huna oveni

Sufuria kubwa nzito yenye mfuniko inatosha. Weka mchanga safi mkavu chini, unene wa sentimita 2 au 3, na juu yake mawe madogo matatu ya kushikilia chombo cha keki ili kisiguse mchanga. Pasha moto sufuria ikiwa imefunikwa, dakika 15 hivi. Ingiza chombo, funika, weka makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko. Joto la chini likizidi, kitako huungua na katikati hubaki mbichi. Kwa njia hii oka chombo kimoja kimoja, na ukadirie dakika 35 hadi 45. Kwa kuwa chombo cha pili kitasubiri, tayarisha rojo lake baada ya cha kwanza kukaribia kuiva: gawa vipimo vyote mara mbili tangu mwanzo.

Tahadhari: mkaa unaowaka mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu na kuzuia oksijeni kusafirishwa. Inaua. Oka nje au kwenye jiko lenye madirisha wazi, na usiingize jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya mvua au baridi ya usiku.

7. KRIMU YA KUPAKA

Hoteli nyingi hutumia jibini laini ya krimu, ambayo si rahisi kuipata Isingiro. Huna haja ya kuisafiria. Krimu ya zamani ya keki hii ilikuwa ya maziwa yaliyopikwa na unga, na vyote viko karibu nawe.

Mahitaji: maziwa mililita 240, unga wa ngano gramu 30, sukari gramu 180, siagi gramu 200, vanila kidogo na chumvi chembe.

Koroga unga na sukari kwenye maziwa baridi. Pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka uwe uji mzito. Hapa chembe za wanga hunyonya maji na kuvimba. Kwa wanga wa ngano hali hii huanza karibu nyuzi 60. Funika uji usifanye ngozi, uache upoe kabisa. Piga siagi mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kisha tia uji kijiko kimoja kimoja huku ukipiga.

Haraka haraka haina baraka: uji ukiwa na joto, siagi huyeyuka na krimu hugeuka mchuzi. Keki nayo iwe imepoa kabla ya kupaka. Krimu hii ina maziwa, kwa hiyo iliwe siku hiyo hiyo au ihifadhiwe kwenye jokofu.

8. TATIZO, SABABU, TIBA

• Keki imebonyea katikati. Sababu: soda nyingi, oveni imefunguliwa mapema, au haikuiva. Tiba: pima soda kwa kijiko kilichosawazishwa, subiri.
• Keki ina ladha ya sabuni. Sababu: soda imezidi asidi, au ni magadi. Tiba: fuata kipimo, soma pakiti.
• Keki ni ngumu. Sababu: imekorogwa kupita kiasi. Tiba: simama unga unapopotea.
• Juu imepasuka na kuwa kilima. Sababu: joto kali mno la juu. Tiba: punguza makaa ya mfuniko.
• Wekundu umekuwa kahawia. Sababu: kakao nyingi, soda nyingi, au rangi ya asili iliyoharibiwa na joto. Tiba: punguza kakao, usizidishe soda.
• Keki haikupanda. Sababu: soda ya zamani, au rojo limekaa muda mrefu. Tiba: tia soda kidogo kwenye siki uone kama inachemka povu, oka mara moja.

Keki moja hutumia mayai, siagi, sukari na unga wa kutosha kulisha familia kifungua kinywa cha siku kadhaa. Kuiharibu kwa kubahatisha ni hasara ambayo nyumba nyingi haziwezi kuirudia wiki hiyo hiyo. Kupima kwa usahihi ni sehemu ya ustadi, na mtahini wa vitendo hukutazama mikono kabla hajaionja keki.

9. MASWALI YA MARUDIO

1. Taja kazi mbili za siki katika keki nyekundu. (alama 2)
2. Soda ya kuokea gramu 2.1 ilimenyuka kikamilifu na asidi ya ethanoiki. Kokotoa ujazo wa kaboni dioksaidi, ikiwa moli moja ya gesi ni dm³ 24. (alama 4)
3. Mwokaji aliyehamia Kayanga kutoka Tanga anatumia pishi lake lile lile, lakini keki zake sasa hubonyea. Eleza sababu mbili na marekebisho mawili. (alama 8)
4. Kwa nini keki haikandwi kama mkate? (alama 3)
5. Viambato vya keki moja viligharimu Sh. 19,000, mkaa Sh. 2,000 na boksi Sh. 1,500. Mwokaji anataka faida ya asilimia 40 ya gharama zote. Auze bei gani? (alama 3)

10. MAJIBU

1. Humenyuka na soda kutoa kaboni dioksaidi inayoumua keki. Huzuia kubaki kwa sodiamu kaboneti yenye ladha ya sabuni. (Pia itakubaliwa: husaidia kulinda wekundu.)

2. Mlinganyo: NaHCO₃ + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O + CO₂. Moli za soda = 2.1 ÷ 84 = 0.025. Uwiano ni 1:1, kwa hiyo moli za gesi ni 0.025. Ujazo = 0.025 × 24 = dm³ 0.6. (Ukiandika 0.3 umetumia mlinganyo wa joto. Soma swali tena.)

3. Sababu: mgandamizo wa hewa Kayanga ni mdogo kuliko Tanga, hivyo gesi hutanuka zaidi na viputo hupasuka, maji huchemka kwa joto dogo na kukauka upesi, hivyo sukari hukolea na kuzuia keki kukaza. Marekebisho: apunguze soda kwa robo hivi, aongeze kimiminika au apunguze sukari kidogo. Kuongeza joto la oveni kidogo pia ni jibu sahihi.

4. Kukanda huunganisha glutenini na gliadini kuwa gluteni iliyokaza. Mkate huihitaji ili ushikilie gesi ya hamira kwa muda mrefu; keki huhitaji ulaini, na gesi yake hutoka kwa muda mfupi.

5. Gharama zote = 19,000 + 2,000 + 1,500 = Sh. 22,500. Faida = 40 ÷ 100 × 22,500 = Sh. 9,000. Bei ya kuuza = Sh. 31,500.

Swali la 5 halikuhesabu muda wa mwokaji. Kabla ya kwenda mada inayofuata, kadiria saa zako kuanzia kuchekecha unga hadi kupaka krimu, zipe thamani, kisha rudia hesabu.